Njia ya Usiku Kuelekea Saiq: Safari ya Kijeshi ya Jenerali Peter de la Billière

Mtoto wa daktari wa manowari, 1934–1955

Tarehe 22 Mei 1941, katika mapigano ya kukigombania kisiwa cha Krete, ndege za Ujerumani ziliizamisha manowari ya Uingereza iliyoitwa HMS Fiji. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo daktari wa meli hiyo, Claude de Labillière. Mwanawe Peter, aliyezaliwa Plymouth mwezi Aprili 1934, alikuwa na umri wa miaka saba.

Kijana huyo alisomeshwa Harrow, shule ya watoto wa wakubwa, lakini baada ya hapo hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1952 alijiandikisha jeshini akiwa kuruta wa kawaida, akapanda hadi kupewa kamisheni katika kikosi cha askari wa miguu cha Durham Light Infantry. Kikosi hicho kilimpeleka Korea kabla vita havijasimamishwa Julai 1953, kisha Misri, ambako Waingereza walikuwa bado wanaulinda Mfereji wa Suez kama vile ulikuwa mali yao ya urithi.

Angeweza kuishia hapo, afisa mwema katika jeshi la dola inayofifia. Ila maisha ya kambini, ya gwaride na vyombo vya shaba vya kung'arishwa kila asubuhi, hayakumtosha. Alikuwa anatafuta jambo jingine, na mwaka 1956 alilipata.

Msitu wa Malaya, 1956–1958

Jambo hilo lilikuwa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza. SAS ilianzishwa na David Stirling mwaka 1941 katika jangwa la Afrika Kaskazini, ili watu wachache waingie nyuma ya mistari ya Wajerumani na kuteketeza ndege zikiwa chini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 ikavunjwa, kwa kuwa majenerali wengi hawakuwapenda askari wasiopenda gwaride. Kilichoifufua ni Malaya. Mwaka 1950, wapiganaji wa Kikomunisti wakiwa wamejificha msituni na jeshi la kawaida likiwatafuta bila kuwaona, afisa Mike Calvert alipewa ruhusa ya kuunda kikosi cha kuwafuata humo humo. Miaka miwili baadaye kikosi hicho kikaitwa 22 SAS.

De la Billière alikiingia kikiwa bado kinajifunza kazi yake. Doria ilikaa msituni majuma kadhaa, ikiletewa chakula kwa miavuli, ikitembea polepole bila kusema. Walijifunza kuishi na wenyeji wa msituni, kuwatibu, kusikiliza habari zao, kwani bila wao hapakuwa na njia ya kujua adui kalala wapi. Mafunzo hayo mawili, kunyamaza na kumheshimu mwenyeji, yalimkaa moyoni kuliko somo lolote la chuoni.

Lakini kufikia mwaka 1958 vita vya Malaya vilikuwa vinaelekea ukingoni, na kikosi kilichozaliwa kwa ajili ya msitu mmoja kilikuwa karibu kufa pamoja na vita vyake. Wakati huo huo, maelfu ya maili upande wa magharibi, mlima mmoja wa Oman ulikuwa unawashinda Waingereza.

Mlima wa Kijani, 1957–1959

Hapa inabidi tusimame, kwa sababu kisa cha mlima huo kinagusa pia nyumba zetu za mwambao.

Sultani wa Maskati, Said bin Taimur, alikuwa wa ukoo wa Al Busaid, ukoo ule ule wa masultani wa Unguja. Ufalme wao ulikuwa mmoja hadi alipofariki Sayyid Said bin Sultan mwaka 1856, ndipo wanawe wakagawana, huyu Maskati na yule Unguja. Lakini sultani wa Maskati hakuitawala Oman yote. Bara, nyuma ya milima, makabila ya Kiibadhi yalimfuata imamu wao waliyemchagua wenyewe, na mkataba wa Seeb wa mwaka 1920 uliwaachia kujiendeshea mambo yao. Mapenzi ya uimamu yalivuka hata bahari: Abu Muslim al-Bahlani, kadhi na mshairi mkubwa aliyeishi Unguja, alitunga kwa Kiarabu mashairi ya kumuunga mkono imamu wa wakati wake.

Mafuta ndiyo yaliyoivunja suluhu ya Seeb. Kampuni ya mafuta ilitaka kuchimba Fahud, bara, na Imamu Ghalib bin Ali, aliyechaguliwa mwaka 1954, hakukubali kwamba ardhi hiyo ni ya sultani kuigawa. Mwaka 1955 majeshi ya sultani yaliingia Nizwa. Talib, nduguye Ghalib, alikimbilia Saudi Arabia, akakusanya na kufunza watu, akarudi mwaka 1957 na kuiteka tena nchi ya bara. Uingereza iliingilia kati, ikawafukuza kutoka mabondeni, nao wakapanda Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani.

Jina hilo si la bure. Juu yake kuna uwanda wenye urefu wa takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wenye vijiji, mifereji ya maji, makomamanga na mawaridi. Kuufikia kulikuwa na njia chache zenye ngazi za mawe, kila moja nyembamba kiasi kwamba watu wachache wenye bunduki waliweza kulizuia jeshi zima. Ndege za Uingereza ziliushambulia mlima kwa mabomu, zikaharibu mifereji na mashamba ya wanavijiji, na Talib hakushuka. Mateso ya vijiji hivyo hayapewi nafasi ya kutosha katika vitabu vya askari, na ni haki yasemwe.

Kwa nini Uingereza haikutuma brigedi nzima? Jibu ni Suez. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1956, uvamizi wa Misri ulikuwa umeitia aibu mbele ya dunia, na serikali haikuthubutu kuonekana tena ikipeleka majeshi makubwa kuwapiga Waarabu. Ilihitaji watu wachache, wanaoweza kumaliza kazi upesi kabla magazeti na Umoja wa Mataifa hawajaamka. Kanali David Smiley, aliyeliongoza jeshi la sultani, aliomba msaada, na mwezi Novemba 1958 skwadroni D ya 22 SAS ikatolewa katika msitu wa Malaya na kushushwa kwenye mawe makavu ya Oman. Walikuwa watu wapatao themanini. Kiongozi wao alikuwa Meja John Watts. Mmoja wa maafisa wake vijana alikuwa Kapteni Peter de la Billière.

Walipaswa kujifunza upya kila kitu. Msituni mtu huona hatua kumi mbele yake. Mlimani mpiga shabaha alikuona kutoka ng'ambo ya bonde. Siku za mwanzo tu askari wao mmoja aliuawa kwa risasi ya mbali. Ndipo wakaamua kwamba mchana ni wa adui na usiku ni wao.

De la Billière alipewa kazi ya kulishambulia pango ambalo watu wa Talib walifichia silaha. Aliwatembeza watu wake usiku kucha, zaidi ya saa kumi, wakafika mbele ya pango kabla ya alfajiri. Kulipopambazuka na wapiganaji kuanza kutoka, wakalifyatulia pango roketi na bunduki za rashasha. Walitarajia hofu. Walioshambuliwa hawakukimbia wala kunyoosha mikono. Walilala nyuma ya mawe na kujibu risasi kwa risasi, na wenzao wakaanza kuteremka kutoka vilima vya jirani kuwasaidia. Waingereza walirudi nyuma kwa taabu, wakifunikwa na ndege. De la Billière mwenyewe aliandika baadaye kwa heshima juu ya watu wale. Tangu siku hiyo hakumdharau adui aliyevaa kandambili.

Mwezi Januari 1959 skwadroni A ikaongezwa, na shambulio la mwisho likapangwa. Mpango ulitegemea mlima wenyewe, na ulitegemea hila. Kulikuwa na punda walioletwa kubeba mizigo, na wachungaji wa punda hao, ambao ilijulikana kwamba wengine walikuwa wakipeleka habari juu. Maafisa wakawaita wachache, wakawaapisha watunze siri, kisha wakawauliza kuhusu maji katika njia ya Tanuf. Siri hiyo haikulala. Talib akahamishia watu wake upande wa Tanuf, huku Waingereza wakijiandaa kupanda upande mwingine, kutoka bonde la Kamah, mahali ambapo hapakuwa na njia yoyote ya kuaminika.

Walianza kupanda usiku wa 26 Januari. Kila mtu alikuwa na mzigo mzito mgongoni, na saa zilipokuwa zinakwenda ikawa wazi kwamba jua litachomoza kabla hawajafika. Wakaitupa mizigo, wakabaki na bunduki na risasi, wakaendelea. Risasi moja ya adui ilipiga bomu lililokuwa ndani ya mkoba wa askari mmoja. Wawili walikufa kwa majeraha. Alfajiri walikuwa juu. Ndege zikaangusha vifaa kwa miavuli, na wapiganaji waliobaki wakadhani ni jeshi zima la waruka angani linawashukia. Saiq, kijiji cha uwanda ule, na vijiji vya jirani vikaanguka. Ghalib, Talib na mshirika wao Suleiman bin Himyar walipenya na kukimbilia Saudi Arabia.

SAS ilipoteza watu watatu katika vita vyote hivyo. Mjini London wakubwa walifanya hesabu rahisi: watu wasiozidi mia mbili wamemaliza kazi ambayo brigedi ilikuwa iifanye. Mazungumzo ya kukivunja kikosi yakazimika. De la Billière alipewa nishani ya Military Cross, na pamoja nayo imani iliyomwongoza hadi mwisho wa kazi yake: kwamba wachache waliojiandaa vizuri, wakitokea mahali pasipotarajiwa, hufanya lisilofanywa na maelfu. Imani hiyo ilimpandisha cheo kila ilipokuwa sahihi. Haikuwa sahihi kila mara.

Adeni na Borneo, 1962–1966

Alirudi kwa muda katika kikosi chake cha zamani, kisha mwaka 1962 akapelekwa kufanya kazi na jeshi la shirikisho la Adeni, ambako alizidi kukizoea Kiarabu. Mwaka 1964 alifeli mtihani wa kuingia chuo cha maafisa wanadhimu. Katika jeshi la Uingereza anguko hilo lingetosha kuizika kazi ya afisa wa kawaida. SAS yenyewe ikampa ukamanda wa skwadroni A.

Mwaka huo huo aliipeleka skwadroni hiyo Radfan, milima iliyo kaskazini ya Adeni. Mwishoni mwa Aprili doria ya watu kumi chini ya Kapteni Robin Edwards iligunduliwa na wapiganaji wa Radfan kabla haijafika ilikokwenda. Walizingirwa kutwa nzima. Edwards na mpiga redio wake waliuawa, na miili yao ikaachwa. Waliosalia walitoka usiku, wengine wakivuja damu. Kumbe usiku wa Radfan haukuwa wa Waingereza peke yao.

Mjini Adeni vita vilikuwa vya aina nyingine, vya bastola vichochoroni. De la Billière alianzisha mafunzo ya kupigana kwa karibu: kuvaa kama wenyeji, kuchomoa bastola haraka, kumtambua adui ndani ya umati kabla ya kufyatua. Kazi hiyo waliiita "Keeni Meeni". Waandishi wa Uingereza wameandika mara nyingi kwamba haya ni maneno ya Kiswahili yenye maana ya mwendo wa nyoka katika majani marefu, yaliyochukuliwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Msemaji wa Kiswahili akiyasikia hatayatambua. Kilicho karibu nayo kwa sauti na kwa maana ni kimyakimya, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba sikio la askari wa kigeni lililipinda neno letu njiani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, walisema wazee. Waingereza walichukua wazo na kuliharibu jina.

Kutoka huko skwadroni ilikwenda Borneo, ambako Indonesia ya Rais Sukarno ilikuwa inapinga kuundwa kwa Malaysia. Msitu ulikuwa ule ule wa ujana wake. Doria za watu wanne zilikaa katika vijiji vya mpakani, zikafanya urafiki na wenyeji, na baadaye zikavuka mpaka kwa siri hadi upande wa Indonesia. Serikali ya Uingereza haikukiri safari hizo hadharani. De la Billière aliongezewa Military Cross ya pili.

Dhofar na Munich, 1970–1977

Oman haikumwacha. Katika jimbo la kusini la Dhofar uasi ulikuwa umewaka tangu miaka ya 1960, ukisaidiwa na serikali ya Kikomunisti iliyoshika Adeni baada ya Waingereza kuondoka mwaka 1967. Chanzo chake kilikuwa utawala wa Said bin Taimur mwenyewe, aliyejifungia Salalah na kuinyima nchi yake elimu na dawa. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu. Tarehe 23 Julai mwaka huo mwanawe Qaboos, kwa msaada wa Waingereza, alimpindua.

Ndipo Oman ilipofungua milango, na wengi waliokuwa wamekimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wakapata nchi ya kurudi. Waliingia ofisini, polisi na jeshini wakiwa na elimu waliyoipata Unguja, na Kiswahili kikasikika katika korido za serikali ya Maskati. Kile kiti ambacho kapteni kijana alikilinda mlimani mwaka 1959 sasa kilikuwa kinawaajiri watoto wa Ng'ambo na Mji Mkongwe.

De la Billière alipewa ukamanda wa 22 SAS mwaka 1972. Julai mwaka huo, katika mji mdogo wa Mirbat, askari tisa wa kikosi hicho walishambuliwa alfajiri na wapiganaji zaidi ya mia mbili. Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, aliufyatua mzinga uliohitaji watu kadhaa, kwa muda akiwa peke yake, hadi alipouawa, na mji haukuanguka. Kilichowashinda waasi wa Dhofar, hata hivyo, kilikuwa zaidi ya bunduki. Watts, mkubwa wa zamani wa de la Billière, alikuwa amepanga kwamba daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtangazaji wa redio waende pamoja na askari, na kwamba waasi waliosamehewa waundiwe vikosi vyao wenyewe, firqa. Vita viliisha Desemba 1975. De la Billière alipewa nishani ya DSO.

Lakini tukio lililobadilisha zaidi kikosi chake lilitokea Ujerumani. Septemba 1972, katika michezo ya Olimpiki ya Munich, wapiganaji wa Kipalestina waliwateka wanamichezo wa Israeli. Polisi wa Ujerumani walijaribu kuwaokoa bila maandalizi, na kufikia mwisho Waisraeli 11 walikuwa wamepoteza maisha. Waziri Mkuu Edward Heath aliuliza kama Uingereza ingefanya vizuri zaidi. Haikuwa tayari. De la Billière aliamriwa aunde timu ya kupambana na utekaji nyara, na kazi hiyo akampa kapteni wake Andrew Massey. Mafunzo ya Adeni ya bastola ndani ya chumba yalipata kazi mpya Hereford, makao ya kikosi.

Miaka mitano baadaye yalijaribiwa kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 1977 makomandoo wa Ujerumani waliwaokoa abiria wa ndege ya Lufthansa uwanjani Mogadishu, wakiwa na askari wawili wa SAS waliokuja na mabomu ya mwanga na kishindo, yanayompumbaza mtu kwa sekunde chache bila kumwua. Wakati huo de la Billière alikuwa Sudan ya Rais Nimeiri, akiongoza timu ya Waingereza waliokuwa wakilifundisha jeshi la huko.

Prince's Gate, 1980

Mwaka 1978 alifanywa mkuu wa vikosi vyote vya SAS. Tarehe 30 Aprili 1980 Waarabu sita wa Khuzestan, jimbo la Iran, waliuvamia ubalozi wa Iran katika mtaa wa Prince's Gate, London, wakawashika watu 26. Walidai wenzao 91 waachiliwe huru kutoka magereza ya Iran.

Kwa siku sita de la Billière alikaa katika chumba cha dharura cha serikali, kati ya mawaziri na askari. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya mpiga risasi. Ilimpasa kumweleza Waziri wa Mambo ya Ndani, William Whitelaw, kwa lugha ya raia, ni watu wangapi wangeweza kufa ikiwa wataingia, na wangapi ikiwa watasubiri. Tarehe 5 Mei wavamizi walimwua mmoja wa mateka, Abbas Lavasani, na jioni wakautupa mwili wake mlangoni. Idhini ikatolewa.

Kilichofuata kilirushwa moja kwa moja na televisheni: watu waliovaa nyeusi na vinyago wakiteremka kwa kamba kutoka darini, mlipuko, moshi, moto kwenye mapazia. Dakika 17. Mateka mmoja zaidi alikufa, 19 waliokolewa, wavamizi watano waliuawa na mmoja akakamatwa. Baadhi ya mateka walisema baadaye kwamba wawili kati ya waliouawa walikuwa wamekwisha kujisalimisha. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba mauaji yalikuwa halali. Swali hilo halikuzikwa na uamuzi huo.

Kabla ya jioni ile Waingereza wengi hawakuwa wamewahi kusikia jina la SAS. Kikosi kilichoishi kwa kutojulikana kilipoteza kinga hiyo kwa dakika 17.

Rio Grande, 1982

Argentina ilipoviteka visiwa vya Falkland tarehe 2 Aprili 1982, SAS ilikwenda na meli za kwanza. Usiku wa kuamkia 15 Mei ililishambulia uwanja wa Pebble Island na kuharibu ndege 11 zikiwa chini, jambo ambalo Stirling mwenyewe angelitambua.

Lakini de la Billière alitaka jambo kubwa zaidi. Kombora la Exocet la Argentina lilikuwa limeipiga manowari ya Sheffield na kuua watu 20. Alipendekeza skwadroni B itue kwa ndege mbili za mizigo aina ya Hercules katika uwanja wa Rio Grande, ndani ya Argentina bara, iziteketeze ndege zinazobeba makombora na kuwaua marubani wake, kisha wale watakaobaki watembee hadi Chile. Askari wenyewe walisema ni kujiua. Kamanda wa skwadroni alipoonyesha shaka, de la Billière alimwondoa. Helikopta iliyopeleka doria ya kuchunguza ilikwama kwa ukungu na kuishia Chile, na usiku wa 19 Mei helikopta nyingine, iliyokuwa katika kazi tofauti, ilianguka baharini ikiwa imejaa watu. 22 walikufa, wengi wao wa SAS. Mpango wa Rio Grande ukafutwa.

Nadhani hapa ndipo imani ya mlimani ilipomdanganya. Kule Oman mwaka 1959 wachache walishinda kwa sababu walijua adui yuko wapi, na walikuwa wamemfanya atazame upande mwingine. Rio Grande haikuwa na lolote kati ya hayo.

Riyadh, 1990–1991

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ofisini: ukamanda wa majeshi Falkland, kisha Wales, kisha kusini-mashariki ya Uingereza. Alikuwa anajiandaa kustaafu Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Margaret Thatcher alitaka mtu anayewajua Waarabu na kuongea lugha yao. Mwezi Oktoba Luteni Jenerali de la Billière akafika Riyadh kuwaongoza Waingereza wote wa Ghuba, zaidi ya 40,000.

Aliyekuwa na sauti ya mwisho ni Jenerali Norman Schwarzkopf wa Marekani, na Schwarzkopf hakuviamini vikosi maalumu. Alikuwa na vifaru, ndege na mpango. Hakuona sababu ya kutuma watu wachache jangwani ambao baadaye atalazimika kuwaokoa. De la Billière alimshawishi taratibu, akamwonyesha kwenye ramani nini kingefanyika na wangetokaje. Idhini ikapatikana. Kisha, siku moja baada ya mashambulizi ya anga kuanza 17 Januari 1991, Iraq ilirusha makombora ya Scud hadi Israeli. Kama Israeli ingejibu, mataifa ya Kiarabu yangejitoa katika muungano. Magari ya SAS yaliyoingia magharibi ya Iraq yakapewa kazi ya kuwinda mitambo ya Scud.

Gharama ilikuwepo. Doria moja ya watu wanane, iliyojulikana kwa jina la Bravo Two Zero, iligunduliwa na kutawanyika katika baridi kali. Watatu walikufa, wanne wakatekwa, na mmoja alitembea hadi Syria. Tarehe 26 Februari ndege za Marekani ziliwaua kwa makosa askari tisa wa Uingereza. Vita vya ardhini viliisha baada ya saa 100. Kwa jumla Uingereza ilipoteza watu 47. Wafu wa Iraq walikuwa maelfu.

Alistaafu mwaka 1992 akiwa jenerali kamili, akaandika kitabu juu ya vita hivyo, Storm Command, na mwaka 1994 kumbukumbu za maisha yake, Looking for Trouble. Katika kikosi kilichofundishwa kunyamaza, wako waliomnung'unikia kwa kuandika. Waliomfuata waliandika zaidi, hadi mwaka 1996 askari wa vikosi maalumu wakatakiwa kutia saini mkataba wa kutunza siri.

Imamu Ghalib bin Ali alifariki Dammam, Saudi Arabia, Novemba 2009, miaka hamsini tangu apotee gizani usiku ule wa Januari. Hakuiona tena Nizwa. Njia ya lami sasa inapanda kutoka Birkat al-Mawz hadi Saiq. Polisi chini ya mlima huzuia gari lolote lisilovuta kwa magurudumu manne, na wengine wote hupita. Mwezi Aprili, mawaridi yanapochanua, wanakijiji huamka kabla ya jua kuyachuma, huku umande ungali juu yake.